Kwa Nini Sikusimama Kuombewa

Kabula mwanangu,

Marahaba. Asubuhi uliponiamkia niliitika, lakini ulikuwa umeshageuka kwenda uani, na unajua sauti yangu haifiki uani. Kwa hiyo naanza na marahaba yako, ukae nayo.

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Baba yako yuko kibandani kwake, anapiga msasa lile sanduku lako kwa mara nyingine kana kwamba unakwenda kuolewa na sanduku. Mimi nimesogeza kitambaa cha mteja pembeni na kuandika hapa hapa mezani pa cherehani. Mambo ya chandarua, ya vyombo, ya kuchemsha maji, sitayaandika. Wewe ni nesi, na baba yako amekwambia yote hayo hadi umeyakinai. Nataka kuandika habari za Jumapili, kwa sababu tangu Jumapili tunapishana mlangoni kama wapangaji wawili, na kesho unapanda treni ya Mpanda.

Nikuambie mapema ili usisome ukisubiri: siandiki kuomba radhi. Wangeniita tena leo, nisingesimama.

Najua ilivyoonekana kwako. Ilikuwa ibada ya kukuaga. Umevaa gauni nililokushonea, watu wamekupigia vigelegele, na yule mwinjilisti mgeni amekuwekea mikono. Halafu akauliza mbele ya kanisa zima, "Mama yako ndiye yule asiye na sauti?" Ukasema ndiye. Akasema, "Nenda kamlete. Huwezi kwenda kuhudumia wagonjwa wa watu huku nyumbani mmeacha kifungo." Ukashuka, ukaja hadi kwenye benchi letu, ukanishika mkono.

"Mama, twende."

Nikatikisa kichwa.

"Mama, tafadhali. Kwa ajili yangu."

Nikasema hapana. Ulisikia wewe na baba yako tu, lakini kanisa zima liliona. Na yule bwana kule mbele akasema kwenye kipaza sauti kwamba kuna watu wameshaipenda kamba iliyowafunga. Watu wakacheka kidogo. Wewe ukarudi mbele peke yako unalia.

Nyumbani ukaniambia nimekudhalilisha. Ukasema, "Ungekuja tu, hata kama huamini. Ungesimama dakika mbili, basi." Nilitaka kukujibu. Lakini nikikasirika hata huu mnong'ono wangu hukauka, nikabaki nafungua mdomo kama samaki. Ukaingia chumbani. Jibu langu ni hili, Kabula. Lisome hadi mwisho.

Hukuijua sauti yangu ya zamani vizuri. Ulikuwa mdogo, kisha ukapelekwa Ziba kwa bibi yako kwa ajili ya shule, na uliporudi sauti ilikuwa imekwenda. Nitajisifu kidogo, maana hakuna aliyebaki wa kunisifia. Usharikani kwetu mimi ndiye niliyeitwa kuomba. Msiba ukitokea, naitwa. Harusi, naitwa. Mwanafunzi anakwenda kwenye mtihani, mgonjwa anapelekwa Mwanza, mtu ameota ndoto mbaya, alitumwa mtoto kuniita. Nilianza taratibu, chini, halafu nikapanda, na nikifika juu watu walikuwa wameshaanza kulia. Maneno hayakunipungukia. Baba yako, ambaye amelelewa Kikatoliki na ambaye sala yake ya chakula ni "Bwana, unatuona, amina," nilikuwa namwonea huruma. Nilimwambia mara nyingi kwamba sala yake haipandi hata kufika darini. Alicheka na kumega ugali.

Lakini kuna jambo lilitokea chumbani kwa Mama Shija, na nataka ulijue wewe hasa, kwa sababu utasimama kando ya vitanda vya watu maisha yako yote. Mama Shija alikuwa mzee wa kanisa, anaumwa kwelikweli, amebaki mifupa. Nikaitwa. Nikapiga magoti, nikaanza. Katikati nikasikia anasema, "Maji." Nikadhani ni usumbufu wa yule mwovu anayetaka kukata maombi, nikapandisha sauti. Akasema tena, "Maji." Nikapandisha zaidi. Niliposema amina na kufumbua macho, nilimkuta Bi Zuwena, yule jirani yetu wa nyumba ya pili anayeuza khanga, ameinama upande wa pili wa kitanda na kikombe mkononi. Alikuwa amekuja na uji wake kumtazama mgonjwa. Alikuwa amemnywesha, amemfuta mdomo, na anamlaza. Hakunitazama vibaya. Aliniambia tu, "Alikuwa na kiu, mama."

Nilitoka pale nimekasirika. Na hasira yenyewe ilikuwa ya kuona kwamba watu waliokuwa chumbani walikuwa wanamtazama yeye.

Baadaye tezi ya shingoni ikakua. Wewe unajua jina lake la kitabuni. Daktari alinieleza kabla ya upasuaji, tena kwa upole, kwamba kuna mshipa mwembamba wa sauti unapita pale pale na unaweza kuguswa. Nikamwambia fanya kazi yako, daktari, mimi nina Mungu. Nilipozinduka nilitaka kusema asante Yesu. Ukatoka upepo. Nikajaribu tena, upepo. Baba yako alikuwa ameketi pembeni. Akaniambia, "Pumzika, itarudi." Haikurudi. Ulirudi huu mnong'ono unaoujua, ambao sokoni haunisaidii hata kupatana bei ya nyanya.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki hukuwepo, na baba yako hapendi kukizungumza.

Wenzangu wa kikundi cha maombi walikuja. Wiki za kwanza walikuja na mchele na sukari. Halafu wakaanza kuja na maelezo. Mmoja akasema kuna dhambi nimeificha. Mwingine akasema ni mkono wa mtu, upande wa Igalula kwa kina baba yangu, kuna shangazi hakupewa haki yake. Wa tatu, rafiki yangu kabisa, niliyemsimamia harusi, akasema imani yangu imepungua, na alisema hivyo akinishika bega kwa upendo. Nilikuwa nimewahi kuwaambia wagonjwa maneno kama hayo, Kabula. Sikuwahi kujua yana ladha gani ukiwa umelala chini yake.

Wakaamua kunifanyia maombi ya siku nzima. Nilikwenda, kwa sababu nilitaka sauti yangu. Usidhani sikuitaka. Walinizunguka, wakaniambia nipige kelele "Haleluya." Nikajaribu hadi kidonda kikauma. Mama mmoja akaniminya shingoni, juu ya kovu kabisa, akimwamuru pepo bubu atoke. Jioni nilikuwa nimechoka, nimelowa jasho, na koo likakwaruza likatoa kitu kama mkoromo. Wakaruka. "Amefunguliwa! Amefunguliwa!" Wakanibeba. Nilikuwa natikisa kichwa kukataa, wao wakadhani naishangaa miujiza.

Jumapili iliyofuata wakanipeleka mbele kutoa ushuhuda. Kiongozi wa kikundi akaeleza yote, kwa ufundi, nami nilikuwa nimemfundisha ufundi huo. Kanisa likashangilia. Halafu akanipa kipaza sauti nimalizie.

Nilikishika. Niliona watu ninaowajua wote wananitazama kwa furaha ya kweli. Ilikuwa rahisi sana kusema neno moja, amina, likwaruze, kisha nikae. Wangefurahi. Ningerudishiwa nafasi yangu. Na Mungu, nilijiambia, si angepata sifa?

Nikakisogeza kipaza sauti hadi kikagusa mdomo. Kilipokea ule upepo wangu na kuusambaza kanisa zima, hadi nje kwenye spika ya chini ya paa. Nikasema, "Sijapona."

Nikasema tena, "Sijapona. Nimeombewa, na sijapona. Na bado mimi ni wa Mungu."

Kiongozi akaninyang'anya kipaza sauti na kusema dada yetu bado anapambana. Kwaya ikaambiwa iimbe. Baba yako akainuka kwenye benchi letu, akaja hadi mbele, akanichukua, tukatoka. Tulipofika nyumbani akaniwekea chai. Yule mtu wa sala fupi.

Siku ya pili yake alikuja mwanamke niliyekuwa namjua kwa sura tu, Mama Kulwa, na binti yake mgongoni japo binti alikuwa mkubwa wa kutembea. Kulwa ana kifafa. Mama Kulwa akaketi pale unapopenda kukaa wewe, kizingitini, akafungua fundo la khanga, akatoa vidonge vya mtoto.

"Hivi nilikuwa nimeshavifunga nikavitupe," akasema. "Jana walipotangaza kwamba umepona, nikasema mwenyewe, na mimi nitaonyesha imani. Nitatupa. Halafu ukaongea." Akaniuliza kwa hofu, "Sasa mama, niendelee kumpa?"

Nikamwambia ampe. Ampe leo, ampe kesho. Nikamshika Kulwa, alikuwa na alama ya moto mkononi kutoka siku aliyoanguka jikoni. Nilimtazama yule mtoto na nikaona kile ambacho "amina" yangu moja ingefanya.

Ndiyo maana sikusimama Jumapili hii, mwanangu. Ulisema dakika mbili. Najua zile dakika mbili zinavyofanya kazi. Nikisimama, nitapona kwenye kipaza sauti, na kwenye benchi la nyuma kuna mtu anafungua fundo la khanga.

Lakini usiniwazie kwamba baada ya ile siku nilikuwa shujaa. Nilitolewa kwenye kikundi kwa ustaarabu, walisema nipumzike. Nikawa nyumbani na cherehani. Nikataka kuomba, nikagundua siwezi. Nilifunga mlango, nikapiga magoti, nikafungua mdomo, na hakuna kilichokuja. Bila sauti ya kupanda na kushuka sikuwa na la kumwambia Mungu. Miaka yote ile nilikuwa naongea na watu waliofumba macho. Yeye sikuwa nimezoeana naye hata kidogo. Ilikuwa kama kuachwa sebuleni na mgeni ambaye umemtangaza mji mzima kuwa ni rafiki yako.

Bi Zuwena alikuwa akija alasiri na kashata, anakaa, anapiga soga peke yake kwa niaba yetu sote wawili. Siku moja nikamnong'oneza kwamba siwezi tena kuomba, sauti haipo. Akaacha kutafuna. "Lakini mama," akasema, "sisi adhuhuri na alasiri tunaswali kimya. Imamu naye kimya. Kwani mlikuwa mnapiga kelele za nini?" Halafu akacheka hadi khanga ikamdondoka kichwani. Nilicheka pia, kicheko changu cha upepo. Sikuwa nimecheka tangu hospitali.

Haikunitibu. Kilichonifungua ni hasira. Nilikwenda Igalula kumsaidia dada yangu kuvuna mpunga. Jua kali, mgongo unaniuma, na dada kila akinisemesha ananisemesha kwa sauti kubwa kama vile mimi ndiye kiziwi. Mchana nikajitenga, nikasimama katikati ya jaruba, na hasira ikaniwaka. Nikamwambia Mungu, bila sauti, midomo tu: Umenidanganya. Ulinipa kitu kimoja tu kizuri, ukakichukua, ukaniacha niitwe mwenye pepo mbele ya watu niliowaombea watoto wao. Na bado hujasema kitu. Nimekuchoka. Niliyasema kwa Kinyamwezi, lugha ambayo sikuwahi kuitumia kuombea kanisani kwa sababu niliiona ya jikoni. Nilitupa mundu chini. Nilimwita majina ambayo sitakuandikia.

Nilipomaliza nilisubiri kitu kibaya kinipate. Upepo ukapita juu ya mpunga. Dada akaita chakula tayari. Na mimi nikajua, nisiulizwe nimejuaje, kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nimesikilizwa na mtu. Sikupewa jibu. Sikuahidiwa sauti. Ila sikuwa peke yangu katika lile jaruba, na aliyekuwepo hakuwa amekasirika.

Tangu hapo ndivyo ninavyoomba. Namwambia lililopo. Nikiwa na wivu, namwambia nina wivu na yule anayeongoza maombi sasa, na kwamba sauti yake inakwaruza. Nikiwa sina la kusema, nakaa naye nashona. Nikimwombea mtu, nafungua macho, nione kama ana kiu. Na nikishamaliza kumwombea najiuliza miguu yangu ina kazi gani katika sala hiyo. Kwa Kulwa miguu ilikuwa na kazi ya kwenda kliniki na mama yake, kila mwezi, kwa sababu mama yake aliogopa manesi wangemfokea. Mtoto bado ana kifafa. Anaanguka mara chache. Mwaka huu ameanza kufuma mikeka, na anaringa kuliko wewe na gauni lako.

Bado namwomba Mungu sauti. Hilo huenda litakushangaza. Namwomba, kwa sababu naitaka, na kutokuiomba kungekuwa uongo mwingine. Siku akinipa nitaimba hadi majirani wahame. Lakini siombi kwa kujipigapiga ili nionekane nina imani ya kutosha. Babu zetu Wanyamwezi walipita njia hii hii ya Tabora na pembe za ndovu za watu wengine vichwani, hadi pwani, na wengi hawakurudi. Mimi mzigo wa namna hiyo siubebi. Mtu akija kunitwisha kosa kwamba ningeamini zaidi ningepona, anakuta kichwa changu kimeinuka, hakina ngata ya kubebea. Na wewe ufanye hivyo hivyo.

Kwa sababu watakuja kwako, Kabula. Kule unakokwenda wewe ndiye utakayekuwa na koti jeupe na ndiye utakayekuwa umeokoka, na watakuita kwa yote mawili. Atakuja mtu na mgonjwa amechelewa mno kwa sababu aliambiwa asitie shaka. Utakasirika. Mkasirikie aliyemwambia, ndugu wa mgonjwa usiwaguse. Atakuja mtu atakayekutaka uombe badala ya kuchoma sindano. Choma sindano, halafu omba. Na kuna mtoto atakufa mikononi mwako ukiwa umeomba kwa machozi na umefanya kila kitu sawasawa, na usiku huo utataka kuacha kuomba, au utataka kutafuta ulikosea wapi. Usitafute. Nenda mahali hakuna watu, umseme Mungu kwa maneno ya nyumbani. Atavumilia. Amenivumilia mimi.

Ile bidii yako ya maombi siichukii. Nakusikia chumbani unavyoomba, una sauti yangu ile ile, na siku nyingine nasimamisha cherehani nikusikilize. Niliogopa Jumapili ulipokuwa mbele kwa sababu nilijiona mimi. Ulipandisha sauti mahali pale pale nilipokuwa napandisha. Ningependa siku moja moja uombe bila kujisikiliza.

Baba yako ameingia kuuliza kama nimeona kopo lake la vanishi. Ameona naandika, ametoka kwa kunyata.

Kesho stesheni watakuja wenzako wa kwaya, na yule mwinjilisti amesema naye atakuja. Kama bado umenikasirikia, usinikumbatie kwa sababu watu wanatazama. Sitaki. Mwage baba yako, nipe mimi mkono tu, upande na hasira yako nzima. Treni ikishapita Urambo, na wenzako wa kwaya hawapo, na hakuna anayekujua, mwambie Mungu yote unayoniwazia. Mwambie mama yako ni mkaidi, amekuaibisha siku yako ya pekee, na hujui kama utamsamehe. Usinipunguzie. Usiyapambe. Hiyo itakuwa sala, mwanangu, na mimi hapa nyumbani nitaiitikia amina.

Mama yako